Kiboko: mila yetu au urithi wa Mjerumani?

Kila mjadala wa viboko shuleni unapozuka Tanzania, wako wanaosema ndiyo malezi yetu tangu mababu, na wako wanaosema tumerithishwa na Mjerumani. Historia ya neno lenyewe haimpi ushindi yeyote kati yao.

Kiboko ni mnyama kwanza. Ngozi yake nene ilikatwa vipande virefu, ikakaushwa na kuwa mjeledi wa kuchana mgongo, na mjeledi ukabeba jina la mwenye ngozi. Misafara ya pembe ya karne ya 19 iliujua kabla bendera ya Ujerumani haijapandishwa pwani. Anayemtwika Mjerumani mzigo wote anazidisha.

Lakini anayesema ni mila naye ajibu jambo moja. Bakora ya mwalimu wa chuo cha Kurani haikuwa na idadi iliyotungiwa sheria. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1896 ilikuwa nayo: visizidi 25 kwa mara moja, na vikibaki, awamu ya pili isubiri wiki mbili. Wanawake hawakuchapwa. Waarabu na Wahindi pia hawakuguswa, kwa hiyo sheria ilijua vizuri inamtafuta nani. Watu wakaipa adhabu hiyo jina la hesabu yake, hamsa ishirini, yaani tano na ishirini.

Mjerumani aliondoka, hesabu ikabaki. Sheria ya mwaka 1963 ya adhabu za chini kabisa iliweka viboko 24: 12 mfungwa anapoingia jela, 12 anapokaribia kutoka, ndiyo asili ya ule utani kwamba mfungwa alipewa alama “akamwonyeshe mkewe”. Kanuni za shule za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne na viandikwe kitabuni.

Wanaozitetea husema kikomo kinamlinda mtoto, kwa kuwa bila hicho mwalimu mwenye hasira angepiga hadi achoke. Hoja hiyo ina uzito, ila hata 25 ya mkoloni iliitwa kikomo. Kwa maoni yangu, kupiga tulikujua wenyewe; tulichorithi ni daftari, ule utaratibu unaofanya kipigo kionekane kazi ya ofisi kama kazi nyingine.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Mwaka uliofuata sisi tukaandika vinne.