Shule Binafsi za Mkoa Mmoja: Tulinganishe Nini?

Tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) halitangazi tena shule kumi bora. Hoja yake ilikuwa kwamba orodha ile haina tija, kwamba inawapambanisha watoto waliosoma katika mazingira yasiyofanana, na kwamba inazitangaza bure shule zinazofanya biashara. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mzazi wa Moshi, ambaye mkoani mwake Kilimanjaro ana seminari, shule za mashirika ya dini na shule za watu binafsi za kuchagua, hawezi kuacha kulinganisha, kwa kuwa ada inatoka mfukoni mwake.

Orodha ilipoondoka, lilibaki bango la getini: picha za wahitimu wenye tabasamu na, chini yake, idadi ya waliopata daraja la kwanza. Bango halisemi watoto hao walianza wakiwa wangapi, na kwangu hilo ndilo swali zito kuliko yote. Zipo shule zinazochuja kwa mtihani wa kujiunga, kisha zikachuja tena kwa "wastani wa shule": asiyefikisha hutakiwa kukariri darasa au kutafuta shule nyingine, jambo ambalo Serikali imelikemea mara kadhaa. Wenye shule hujitetea kwamba wastani huwafanya watoto wasome kwa bidii na kwamba mzazi mwenyewe alikubali masharti alipojaza fomu. Ni kweli wapo wanaoamka kwa kusukumwa, lakini mtoto wa miaka 15 anayerudishwa nyumbani na sanduku lake katikati ya masomo hapati faida yoyote ya nidhamu hiyo.

Tuseme shule moja ilikuwa na watahiniwa 95 kidato cha pili, na miaka miwili baadaye ikafikisha 62 kidato cha nne, wote daraja la kwanza na la pili. Jirani yake ilianza na 90, ikafikisha 87, wachache wao wakapata daraja la tatu. Orodha ya zamani ingeisifu shule ile ya kwanza. Mimi, mwanangu akiwa wa uwezo wa kawaida, ningempeleka kwa jirani.

Hesabu hiyo inawezekana leo, kwa sababu NECTA bado inachapisha matokeo ya kila kituo, ya kidato cha pili na cha nne. Inataka uangalifu tu: wapo wanaohama kwa kufuata wazazi, na anayeshindwa mtihani wa kidato cha pili hukariri kwa utaratibu rasmi, hivyo mwaka mmoja hautoshi kuihukumu shule, iangaliwe mitatu au minne. Naamini Baraza lilifanya vema kuondoa orodha, lakini liliacha pengo ambalo lingezibika kwa safu moja tu katika ukurasa wa matokeo ya kila shule: waliofanya mtihani wa kidato cha pili, na wangapi kati yao wamefika cha nne hapo hapo.