Mtoto wa miaka 14 akae benchi gani?

Siku ya kipaimara, watoto wanapothibitishwa katika imani baada ya mafundisho, kanisa letu hujaa hadi nje. Akina mama wanapiga vigelegele, mashangazi wanatunza vitenge, mpiga picha hana pa kupita. Mimi ni mmoja wa walimu wa watoto hao, katika usharika mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka juzi, miezi mitatu baada ya sherehe hiyo, nilisimama mlangoni Jumapili nikiwatafuta. Hawakufika kumi.

Kuwapata haikuwa kazi. Baadhi walikuwa kibanda umiza wakisubiri mechi, wengine kwenye gemu, wawili kijiweni wakiosha bodaboda kwa ujira wa soda. Mmoja wa hao wawili aliniamkia, kisha akaficha mkeka wa kubeti mfukoni. Nikamwuliza mbona haonekani kanisani. "Mwalimu," akasema, "sasa nikae na akina nani?"

Sikuwa na jibu. Shule ya Jumapili imeshamwambia amekua. Umoja wa vijana nao si wake: Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, na kwetu kanisani hesabu ni hiyo hiyo. Mwenyekiti wetu wa vijana ana watoto wawili. Wakikutana wanazungumzia mahari, viwanja na vikoba. Ni mambo ya maana kabisa, lakini wa miaka 14 akikaa pale anaishia kutazama viatu vyake.

Nilipopeleka jambo hili kwenye kikao, wazo la kwanza lilikuwa mkutano wa injili wa siku nne: jukwaa, spika, jenereta, mhubiri mgeni na kwaya tatu. Sipingi mikutano. Mimi mwenyewe nilimpa Yesu maisha yangu nikiwa nimesimama kwenye vumbi la uwanja, nina miaka 17. Ila nakumbuka vizuri kilichonishika baada ya pale. Kulikuwa na mzee mmoja fundi cherehani aliyeniita dukani kwake kila Jumatano, akaniwekea kigoda, akanisikiliza. Mkutano ulikwisha siku ya nne. Kigoda kile nilikikalia miaka mitatu.

Mimi ni Mlutheri, lakini kwenye jambo hili mwalimu wangu ni padri Mkatoliki. Tarehe 8 Desemba 1841, mjini Turin, Italia, John Bosco alikuwa akijiandaa kwa misa. Mhudumu wa kanisa akamkuta kijana maskini, Bartolomeo Garelli, amesimama sakristia, chumba cha padri kuvalia, akamtaka atumikie misa. Kijana hakujua, akafukuzwa kwa kipigo. Bosco akaagiza aitwe arudi, kwa kuwa ni rafiki yake. Alikuwa hajawahi kumwona. Wakazungumza, akamfundisha kidogo, akamwomba arudi na wenzake. Shirika la Wasalesiani aliloanzisha baadaye, lenye chuo cha ufundi hata Dodoma, mizizi yake iko kwenye mazungumzo yale na kijana mmoja.

Basi tukaanza na mwembe. Jumamosi saa nane hadi saa kumi na moja, mkeka, benchi mbili, mpira, chai na maandazi. Shilingi 20,000 kwa wiki zinatosha watoto ishirini, yaani 1,040,000 kwa mwaka. Mkutano ule wa siku nne ungetugharimu zaidi ya mara tatu ya hapo. Dada mmoja mwalimu wa sekondari anasaidia hesabu, maana ndilo somo linalowatesa. Kisha tunasoma kipande cha Injili ya Marko kwa robo saa. Asiyetaka anaendelea na mpira, na hakuna anayemkunjia uso.

Tuna pia kopo la maswali, bila majina. Humo ndimo nilipojifunza kwamba sikuwajua. "Baba anampiga mama, na huyo naye nimheshimu?" "Niliomba bibi apone akafa, nilikosea wapi?" Bwana Yesu alipokuwa na miaka 12, Luka anatuambia alikutwa hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Wale walimu walimpa nafasi ya kuuliza. Sisi watoto wetu tunawapa microfoni ya kuimba tu.

Mtaani kwetu nyumba nyingi ni za Waislamu, na watoto wao wanakuja mwembeni. Nilikwenda kwa wazazi wao nyumba kwa nyumba, nikasema wazi kwamba sisi ni Wakristo, tunasoma Injili, na mtoto yuko huru kutosikiliza. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, acheze, asome hesabu, lakini usimbatize nyuma ya mgongo wangu." Nilimwahidi. Wapo wenzangu wanaosema nimeifunika taa. Mimi naamini Injili inayoingia kwa mtoto kwa kumficha mama yake imeshapoteza jambo kubwa kabla haijahubiriwa.

Na usalama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hawa wote ni watoto, hata mwenye ndevu. Watu wazima wawili daima, mahali panapoonekana. Hakuna mlezi anayemwita mtoto gheto kwake, hata kwa maombi. Namba 116, ya bure, ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, imeandikwa ubaoni juu ya maandiko. Tulimwondoa msaidizi mmoja aliyekuwa akiwatumia mabinti ujumbe usiku. Alikuwa mwombaji hodari na wengi walinilaumu. Ningemwondoa tena leo.

Mabinti ndio wanaoniumiza zaidi. Tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu aliyejifungua kurudi shule. Nimeona binti aliyekaribishwa darasani, kanisani akawa bado ametengwa ushirika. Kwetu mwembeni anakuja na mtoto mgongoni, na wenzake wanapokezana kumbeba.

Sasa Novemba inakuja. Wa kidato cha nne watamaliza mtihani, na kidato cha tano huanza Julai, kwa hiyo watakuwa nyumbani zaidi ya miezi saba. Maandazi tutapata. Tunachokosa ni watu wazima watakaokuja Jumamosi baada ya Jumamosi. Wiki iliyopita mwenzangu aliumwa, nikabaki peke yangu. Niligawa chai, nikawaambia warudi makwao kwa sababu mlezi wa pili hayupo. Walikuwa 19. Yule wa mkeka wa kubeti alibaki nyuma kukunja jamvi, akauliza kama wiki ijayo mlezi atakuwepo.