Sisilia ya Wanormani: kalamu moja, kazi mbili

Mjini Palermo, katika kisiwa cha Sisilia kusini mwa Italia, kuna jiwe la kaburi la mwaka 1149. Padri mmoja aitwaye Grisanto alimwekea mama yake, Anna. Maandishi yake yako mara nne: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, kisha Kiarabu tena, ila kwa herufi za Kiebrania. Kila fungu linahesabu miaka kwa kalenda yake. Padri anamzika mzazi wake na anaona ni sawa kabisa tarehe ya kifo iandikwe pia kwa Hijria, kalenda ya Kiislamu.

Wanaosema kwamba Sisilia chini ya wafalme wa Kinormani, wapiganaji Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, ilikuwa kisiwa cha maelewano hulitaja sana jiwe hili. Wanaowapinga husema maelewano hayo ni hadithi tu: mshindi aliwatumia Waislamu maadamu ana shida nao, haja ilipokwisha akawaacha. Naona pande zote mbili zina ushahidi wa kweli. Kosa lao ni kuuchukulia ushahidi wa upande wa pili kama doa dogo la kupuuzwa.

Waislamu waliiteka Palermo mwaka 831 wakakitawala kisiwa kwa zaidi ya karne mbili, na Wakristo waliobaki na dini yao wakawa wanalipa jizya, kodi ya wasio Waislamu. Wanormani nao hawakuja na bendera ya dini peke yake. Mwaka 1061 aliyewakaribisha alikuwa amiri Mwislamu, Ibn al-Thumna, aliyekuwa amegombana na shemeji yake. Walipoiteka Palermo mwaka 1072, walikuta mji tajiri wenye makarani, mafundi na wakulima waliouzidi ujuzi wao. Hesabu ya Roger I, kiongozi wao kisiwani, ilikuwa nyepesi: watu hawa wakiondoka, ufalme nao unaondoka. Akawachukua hata jeshini. Eadmer, mtawa aliyefuatana na Askofu Mkuu Anselm wa Canterbury wakati mji wa Capua, Italia, ulipozingirwa mwaka 1098, anaandika kwamba askari wengi Waislamu walivutiwa na Ukristo lakini waliogopa kubatizwa, kwa sababu Roger hakuwaruhusu.

Habari hiyo inauma kotekote. Anayesifu atasema: huyu hapa mtawala Mkristo asiyelazimisha mtu kubadili dini. Anayelaumu atauliza kama kumzuia mtu asibatizwe, ili abaki askari wako usiyemgawana na kanisa, ni heshima kwa dini yake.

Mwanawe, Roger II, alitawazwa kuwa mfalme siku ya Krismasi mwaka 1130. Joho lake, ambalo sasa liko Vienna, lina pindo la maandishi ya Kiarabu yenye tarehe ya Hijria, 528. Dari la mbao la kanisa la kasri yake limechorwa wapiga ngoma, wanywaji na watu waliokunja miguu, na pembeni yao dua kwa Kiarabu za kumtakia mwenye kasri afya na baraka. Kwa mfalme huyo ndiko mwanajiografia Mwislamu al-Idrisi alikotengeneza ramani ya dunia kwenye bamba la fedha, na kitabu chake kikakamilika mwaka 1154. Humo ametaja Malindi, na mji ambao wanahistoria wengi wanausoma kuwa Mombasa. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba pwani yetu iliandikwa kwa Kiarabu katika kasri ya mfalme Mkristo.

Lakini kalamu hiyohiyo ya Kiarabu ilikuwa na kazi nyingine. Makarani wa mfalme walikuwa na daftari liitwalo jarida, nalo ni orodha ya wakulima, jina kwa jina, baba kwa mwana, waliofungwa kwenye ardhi ya bwana fulani. Wengi walikuwa Waislamu. Kanisa kuu la Monreale lilipojengwa, William II, mjukuu wa Roger II, alilipatia kanisa hilo ardhi, na watu wa ardhi hiyo wakaenda nayo. Hata kodi haikubadilishwa jina. Ilibaki jizya, ila sasa mlipaji ni Mwislamu na mpokeaji ni Mkristo.

Wapo wanaojibu kwamba hivyo ndivyo zama zile zilivyokuwa, kwamba Mwislamu wa Palermo hakutendewa vibaya kuliko Mkristo wa Kairo. Kwa sehemu ni kweli. Lakini naona tofauti moja kubwa. Katika sheria ya Kiislamu, ahlul-kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, walikuwa na nafasi iliyoandikwa. Ni nafasi ya chini, na watawala waliivunja, kama khalifa al-Hakim wa Misri alipolibomoa Kanisa la Kaburi Takatifu la Yerusalemu mwaka 1009. Hata hivyo ilikuwepo, na mtu angeweza kuidai. Wanormani waliiga desturi hiyo, lakini kwao haikuwa na mzizi katika dini. Ilining'inia kwenye haja ya mfalme. Mwaka 1161, uasi ulipomtikisa William I, mwana wa Roger II, Waislamu wa Palermo waliuawa barabarani. William II alipofariki mwaka 1189 waliuawa tena, na wengi wakakimbilia milimani. Mjukuu wa Roger II, Frederick II, mjuzi wa Kiarabu aliyepewa Yerusalemu mwaka 1229 kwa mkataba na Sultani al-Kamil, ndiye huyohuyo aliyewahamisha kwa nguvu Waislamu wa Sisilia hadi mji wa Lucera, Italia bara. Lucera nayo ikavunjwa mwaka 1300 na Charles II, mfalme wa Napoli, watu wake wakauzwa utumwani.

Shahidi ninayemwamini zaidi ni Ibn Jubayr wa Andalusia, aliyenusurika chombo kilipokwama Messina mwishoni mwa 1184, akielekea nyumbani kutoka Hija. Hakuficha uzuri aliouona: mfalme anayesoma na kuandika Kiarabu, misikiti inayoadhini, wanawake Wakristo wa Palermo wakienda kanisani siku ya Krismasi wamevaa na kujitanda kama Waislamu. Vilevile aliandika kwamba khutba ya Ijumaa ilikatazwa, na kwamba watumishi wa kasri walifunga Ramadhani kwa siri.

Kisha akafika Trapani. Huko mzee mmoja mwenye heshima alimtuma mwanawe kwa hujaji mmoja wa msafara, amsihi amchukue binti yake mdogo, amwoe au amwoze huko aendako. Mzee alitaka binti atoke kisiwani, na tumaini lake lilikuwa kumfuata siku moja, njia ikifunguka. Binti alipoulizwa, alikubali kumwacha baba yake.