Siku Niliyomtoa Ng'ombe wa Bibi

Pakiti ya maziwa ninayonunua Dar ina picha ya ng'ombe. Kanona, ana kengele shingoni, kasimama kwenye majani mabichi yasiyo na mwisho, na nyuma yake mlima umevaa theluji. Nimetazamana naye kila asubuhi kwa miaka saba nikisubiri chai ichemke. Mtu ukitazama picha miaka saba, hata kama umezaliwa Machame, mlimani Kilimanjaro, unaanza kuamini kwamba kwenu ndivyo kulivyo.

Kwetu sivyo. Kihamba chetu hakifiki ekari moja, na humo humo kuna nyumba, migomba, kahawa, makaburi ya wazee na banda. Ng'ombe hatoki. Anakatiwa mabingobingo, anakatiwa mgomba vipande vipande kwa panga, wakati wa kukamuliwa anapewa pumba na mashudu, maji anapelekewa kwa ndoo. Samadi yake inarudi kwenye migomba. Ni mpangaji anayeletewa chakula chumbani na kufagiliwa choo. Kiangazi majani yakipungua, akina mama wanashuka tambarare kuyatafuta, kisha wanaupanda tena mlima na mzigo kichwani. Akina mama hao sijawahi kuwaona kwenye pakiti.

Desemba nikapanda nyumbani kama Wachaga wenzangu wote, nikiwa na simu mpya na kijiti chake cha kuisimamishia. Nilitaka video ya nusu dakika tu: mimi, shati jeupe, miguu peku, kamba mkononi, ng'ombe anakula, mlima nyuma. Maneno ya kuandika chini nilishayaandaa tangu kwenye basi: "Nimerudi kwenye asili."

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mlima. Ukikaa juu yake huuoni. Mita 5,895 zote zimejificha nyuma ya mgomba wa Bibi, na upande ambao hauna mgomba una wingu. Cha pili, majani. Kihamba kizima, mahali penye ukoka mzuri ni makaburini tu. Nikamwomba Babu radhi kimoyomoyo, nikasimamisha simu pembeni yake.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 24, Bibi yuko kanisani na akina mama wenzake wanapamba. Ng'ombe wetu anaitwa Sista, kwa kuwa alinunuliwa kwa masista akiwa ndama. Tangu aingizwe bandani siku ile, hajawahi kutoka. Nikamfunga kamba, nikaondoa magogo ya mlangoni, nikasema, "Twende mama, leo unakuwa nyota."

Sista alisimama mlangoni akakodolea macho jua. Akanusa hewa. Akaweka mguu mmoja nje, akaurudisha. Nikamvuta kidogo. Kisha mkia ukasimama wima kama mlingoti wa bendera, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba kamba ya ng'ombe haizungushwi kwenye kiganja.

Tulipita kwenye makaburi, lakini hatukusimama. Tulipita kwenye kahawa. Kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, yeye aliruka, mimi sikuruka. Alirusha mateke hewani kama mtoto aliyefunguliwa shule, akaingia kwa jirani akiwa na shuka ya Bibi kichwani, ile nyeupe iliyokuwa imeanikwa kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Alisimama katikati ya mabingobingo ya jirani, ambayo yule mzee anayalinda kuliko mahindi.

Nikasema basi, ameharibu, angalau ale. Majani yamemfika kifuani. Hali! Ananitazama. Nikamwonyesha kwa kidole. Ananitazama. Ilinichukua muda kuelewa: anangoja akatiwe. Nikavunja majani kwa mikono, nikamnyooshea, akala vizuri kabisa. Kwa hiyo tulirudi nyumbani hivyo hivyo, mimi natembea kinyumenyume na konzi ya majani, yeye ananifuata, hadi bandani, akaingia mwenyewe na kusimama mbele ya kihori chake kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Nilirudisha magogo, nikaloweka shuka, nikaosha matope. Bibi aliporudi hakuona kitu.

Jioni akaenda kukamua. Akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akapaka mafuta, akaanza. Kwa kawaida jioni Sista anatoa lita sita. Siku hiyo hata kikombe cha pili hakikujaa. Bibi akainuka polepole, mkono kiunoni.

"Huyu kapatwa na nini leo?"

"Labda jua, Bibi," nikajibu haraka. "Hajalizoea."

Kimya. Kuku mmoja akapita katikati yetu.

"Jua," akasema Bibi. "Humu bandani jua limeingilia wapi?"

Giza halijaingia nilikuwa nimeshatumwa kwa jirani na jani la sale mkononi, maana kwetu ukienda na sale kuomba msamaha, mwenzio hawezi kukufukuza. Mzee akanipokea, akaitikia shikamoo yangu, akalipokea na jani. Halafu akanikabidhi panga na kamba, akanionyesha mabingobingo yaliyolala. Akasema yaliyokanyagwa nikayakate usiku huo huo, niwape ng'ombe wake wawili. Wao, alisema, hawatembei.

Krismasi asubuhi wageni wakajaa, na Sista bado kanuna, maziwa hayashuki. Bibi akanituma dukani barabarani. Walikuwa na aina moja tu ya maziwa, na niliijua kabla hata muuzaji hajageuka kuichukua.

Nikaiweka mezani. Bibi akavaa miwani. Akaigeuza pakiti, akaitazama ile picha muda mrefu: majani, kengele, theluji. Kisha akanitazama mimi juu ya miwani.

"Na huyu," akauliza, "nani kamtoa?"