Mkanda wa Baba Mkwe

Ukimwona mtu mzima mkono wake wa kulia una vinyweleo na wa kushoto umelimwa kuanzia kiwiko hadi kifundo, usimtajie dawa ya fangasi. Huyo ananoa. Kila akitoka kwenye kinoo lazima ajaribu makali mahali, na mahali penyewe ni hapo.

Mke wangu hilo la mkono alishanisamehe. Alichogoma kusamehe ni sufuria yake ya kulowekea maharage, ambayo kila ikifika mwisho wa wiki hukuta kuna jiwe ndani. Kinoo cha namba 1000 (namba ikipanda, jiwe linakuwa laini zaidi) kinataka kulowa dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka mapovu yaache kupanda. Ukikitumia kikavu kinakunywa kila tone unalonyunyizia, uchafu wa chuma unaziba vitundu vyake, na wembe unateleza juu bila kuliwa. Sasa nenda kamweleze hayo mwanamke mwenye kilo mbili za maharage na wageni wako njiani.

Wageni walikuwa baba mkwe na msafara wake kutoka Pangani. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anaozeshwa hapa Tanga siku hiyo baada ya swala ya alasiri, na mzee ndiye walii. Nikaona siku kama hiyo uso wangu haustahili wembe wa kutupa. Ulistahili Mjerumani.

Mjerumani ni wembe wangu wa kukunja, nilioupata kwa muuza vikorokoro. Aliniapia kwamba uliachwa na ofisa wa Kijerumani siku Waingereza walipoingia Tanga mwaka 1916. Nikaufungua, nikatazama shingoni, nikakuta muhuri: "Solingen, W. Germany". Ujerumani Magharibi imezaliwa 1949, kwa hiyo ofisa huyo aliacha wembe wa wajukuu zake. Sikubishana. Niliomba nipunguziwe kwa ajili ya kutu, nikapunguziwa, nikaondoka kabla hajasoma. Kutu yenyewe ilikuwa ile nyekundu ya juu juu, inayofutika kwa msasa laini na mafuta. Ile nyeusi yenye vishimo, ikishafika kwenye makali, usiununue wembe hata kwa bei ya karanga, maana kila ukinoa unafukua kishimo kingine.

Upana wake ni 5/8 ya inchi, karibu milimita 16, na mbavu zimechimbwa pande zote mbili mpaka ukiupiga kwa ukucha unalia. Raha ya wembe wa namna hii ni kwamba pembe ya kunolea hupimi wewe. Unaulaza bapa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, basi. Mgongo wa wangu una unene wa milimita nne na nusu. Piga hesabu na ule upana, pembe nzima ya makali inakuja kama digrii 16. Panga la shambani likinolewa hivyo litakunjika kwenye mnazi wa kwanza. Na ndiyo sababu simpi Mjerumani yule bwana anayepita mtaani na baiskeli ya kunolea visu. Ni fundi, kisu cha jikoni anakirudisha kinacheka, lakini jiwe lake la duara likigusa wembe huu mara moja, ule wembamba unapata moto, chuma kinageuka rangi ya buluu, na hapo makali hayakai tena mpaka umalize kula sehemu yote iliyoungua.

Asubuhi ile nilianza mapema. Nikachora miraba kwa penseli juu ya kinoo, nikakisugua kwa msasa namba 400 uliolazwa juu ya kioo mpaka michoro yote ikafutika, maana kinoo kilichobonyea katikati kinanoa ncha na kisigino na kuacha tumbo butu. Kisha 1000, kwenda na kurudi, mpaka wembe ukakata vinyweleo vya mkono kwa urefu wake wote. (Ndiyo, mkono wa kushoto.) Kisha 5000, mara thelathini. Kisha 8000, mara ishirini, bila kukandamiza kabisa, uzito wa wembe peke yake. Kinoo hiki cha mwisho hakilowekwi, kinanyunyiziwa tu.

Naomba ushike jambo moja, kwa sababu ndilo lililoniangusha. Kwenye jiwe wembe unatangulia kwa makali, kama unataka kuchuna ngozi nyembamba ya jiwe. Mimi niliufanya mwendo huo kwa saa nzima na ushee. Mkono ukakariri.

Kwenye ngozi ya kumalizia makali mambo ni kinyume. Baada ya jiwe, makali yana kiuzi cha chuma kisichoonekana kwa macho, na ngozi ndiyo inayokinyoosha. Hapo wembe unatangulia kwa mgongo, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, kama unavyogeuza chapati bila kuinyanyua kwenye kikaango, ndipo unarudi. Mara hamsini hivi. Ngozi iwe imevutwa ikakaza. Ikilegea, makali yanazama kwenye bonde lake na kuviringika, na kazi yote ya asubuhi imekwenda.

Ngozi yangu mimi haikuwepo. Wiki moja nyuma niliipaka samli ili ilainike, nikaitundika stoo. Panya wakaikuta. Kilichobaki kilikuwa kifungo na inchi nne.

Nikasema nitanyoa hivyo hivyo. Taulo la moto, sabuni, brashi, povu zito. Nikavuta ngozi ya shavu la kulia, nikaweka wembe kwa pembe ya digrii thelathini hivi, nikashuka. Ulikata, lakini uling'ang'ania kama paka anayeshushwa mtini. Kile kiuzi bado kilikuwepo. Nikasimama na shavu moja safi na lingine jeupe kwa povu, nikatazama huku na huku, na pale kwenye msumari wa nje ya mlango wa bafu nikauona mkanda wa baba mkwe.

Mwenyewe alikuwa ndani anaoga. Namsikia anamwaga maji na kukohoa.

Mikanda ya siku hizi mingi ni vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi na kupakwa plastiki juu. Ukiupitisha wembe hapo bora uupitishe kwenye mkeka. Huu haukuwa wa hivyo. Ngozi tupu, nene, upana wa sentimita nne, na upande wa ndani ulikuwa laini na mweusi, unang'aa kama sakafu ya saruji iliyopigwa miaka. Nilijiuliza kidogo, mkanda gani unang'aa kwa ndani? Jibu sikulisubiri.

Nikafunga bizimu, kile chuma cha kufungia mkanda, kwenye nondo ya dirisha, nikavuta ncha kwa mkono wa kushoto, nikaanza. Kwa kuwa upana wa mkanda haufikii urefu wa wembe, wembe unakwenda kwa mshazari, kisigino kinaanza na ncha inamalizia. Kumi. Ishirini. Ule mlio mtamu wa chuma juu ya ngozi, fyuu, fyuu. Thelathini. Thelathini na tano, thelathini na sita.

"Mkwe!" sauti ikatoka bafuni. "Hebu nitazamie mkanda wangu hapo nje."

Nikageuza shingo. Mkono, uliokuwa umeachwa peke yake, ukarudi kwa lile ulilolikariri asubuhi. Haukugeuza wembe juu ya mgongo. Ulirudi vile vile, makali mbele.

Wala hakukuwa na mlio. Wembe ulionolewa vizuri haupasui, unapita. Nilipotazama, mkanda ulikuwa umekatwa mshazari robo tatu ya upana wake, kiganja kimoja kutoka kwenye bizimu, na ile robo iliyobaki imeushika kwa huruma tu.

"Nautafuta, baba!" nikasema.

Fundi viatu angejua la kufanya. Angeukata wote, apunguze unene wa ncha zote mbili kwa urefu wa sentimita tatu ili zipandiane bila kufanya nundu, apake ile gundi ya njano pande zote, asubiri dakika kumi mpaka isishike kidole, agandamize, agonge kwa nyundo, halafu ashone. Mimi nilikuwa na gundi ya kichupa kidogo, ile inayoshika kwa sekunde kumi na kuondoka na ngozi ya vidole. Nikamwaga. Nikabana. Ikashika kama chuma.

Na hapo ndipo ubaya wake. Gundi ile ikikauka inakuwa kama kioo, na ngozi kazi yake ni kujikunja. Ukivaa mkanda umesimama wima, hakuna neno. Matatizo yanakuja ukikaa.

Nikautundika msumarini. Mzee akatoka, akauvaa, akavaa kanzu juu, akanitazama shavu moja na jingine, akasema, "Malizia, tunachelewa." Shavu la kushoto nikalimalizia kwa wembe wa kutupa.

Walii anakaa chini. Anakaa goti kwa goti na bwana harusi, wanashikana mikono, na msikiti mzima unanyamaza ili masikio yote yasikie. Nilikuwa nyuma yake kidogo, mashavu yananiwasha kwa shabu niliyojipaka kuziba mikwaruzo, macho yangu yako pale kiunoni. Mzee wetu ni mtu wa tumbo. Akainama mbele, akavuta pumzi, akatamka, "Nimekuozesha binti yangu..."

Tak!

Watu wakatazama feni juu. Shehe akatazama feni. Bwana harusi, maskini, alishtuka mpaka akakubali kabla mahari hayajatajwa, ikabidi warudie. Mzee peke yake hakutazama popote. Alitulia, akarudia maneno yake kwa sauti ile ile, kila herufi mahali pake, na ndoa ikafungwa.

Ikaja dua. Ikaja halwa na kahawa. Ukaja wakati wa kusimama kupeana mikono, na hapo mzee akaninong'oneza bila kugeuka, "Mkwe. Njoo unishike mkono."

Nikamwinua. Suruali ilibaki chini.

Mshukuru Mungu aliyetufundisha kanzu. Kwa nje hukuona kitu, ila mzee mwenye heshima zake anayetembea hatua za inchi mbili mbili, ameegemea bega la mkwewe, huku chini ya pindo suruali imejikusanya juu ya miguu yake kama kuku wawili waliolala. Watu walitupisha. Mzee mmoja akasema kwa uchungu, "Siku ya kumtoa binti si mchezo, magoti yanaisha." Tulitumia kama dakika saba kutoka kwenye kibla hadi mlangoni.

Ndani ya gari akavuta suruali, akauchomoa mkanda kwa mkono mmoja, akatazama pale palipokatika. Hakutazama gundi. Alitazama ule mkato, akaupitisha kidole gumba.

"Umenoa kwa namba ngapi?"

"Elfu nane, baba."

"Makali mazuri." Akaugeuza mkanda upande wa ndani, ule unaong'aa. "Mimi nimenolea wembe hapa tangu sijamzaa mkeo. Thelathini na kitu. Sijaukata hata siku moja."

Asubuhi ya pili alinikuta nakunywa chai. Alikuwa na kipande kirefu kilichobaki, amekitoboa tundu na kukifunga kwenye nondo ya dirisha lile lile. Mkononi ana kisu cha kupakia siagi.

"Mjerumani wako mfungie sandukuni," akasema. "Anza na hiki. Mgongo mbele."

Nikaanza. Kumi. Ishirini. Anakunywa chai yake, ananitazama mkono, hasemi neno. Thelathini. Thelathini na tano, thelathini na sita.

"Mkwe!"

Nikageuza shingo.

Kisu cha siagi kikachimba ngozi, kikakwama, kikaniponyoka na kuangukia kwenye sufuria ya maharage. Mzee akaweka kikombe chini, akachovya mkono kule, akakitoa, akakifuta kwa shuka yake na kunirudishia.

"Tena," akasema.