Nakala rudufu ambayo admini anaweza kuifuta haikulindi

Juni 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyohifadhi msimbo wa programu za wateja, ilifunga shughuli zake baada ya mvamizi kuingia kwenye akaunti yake ya huduma za wingu za Amazon na kufuta sehemu kubwa ya data, nakala rudufu zikiwemo. Nakala zilikuwepo, lakini aliyeishika akaunti alizishika nazo.

Tangu 2018 Amazon S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili kwenye wingu, ina Object Lock, kufuli linalozuia toleo la faili kufutwa au kuandikwa upya hadi muda wake uishe. Azure na Google Cloud nao wana makufuli ya aina hiyo. Object Lock ina hali mbili, na tatizo ni kwamba wengi huchagua ile ya Governance kwa kuogopa kujifungia wenyewe. Hiyo siikubali kabisa kwa nakala rudufu: mwenye ruhusa ya s3:BypassGovernanceRetention hulifungua, na mvamizi aliyeteka akaunti ya admini anayo tayari. Weka hali ya pili, Compliance. Hapo hata mwenye akaunti hawezi kupunguza muda, ila kuuongeza tu. Atakachoweza ni kuifuta akaunti nzima pamoja na data yake, kwa hiyo nakala zikae kwenye akaunti ya pekee, yenye nywila na watumiaji tofauti na wa mifumo ya kila siku.

Hofu ya kujifungia ina msingi, kwani ukiandika miaka 10 badala ya siku 10 utalipia hifadhi hiyo muda wote. Anza majaribio kwa siku 1.

Hesabu ya siku ndiyo inayowaponyoka wengi. Tuseme nakala kamili huchukuliwa tarehe 1, kisha kila siku yanaongezwa mabadiliko tu. Ukitaka nakala ya tarehe 30 iweze kurejeshwa kwa siku 30, ile kamili ya tarehe 1 inahitaji kufungwa kwa takriban siku 60. Ikifutwa mapema, mabadiliko yote yanayoitegemea hayana kazi tena, hata yakiwa bado yamefungwa.

Halafu kuna ufunguo wa usimbaji. Object Lock hailindi ufunguo wa KMS, huduma ya Amazon inayotunza funguo za kusimba na kusoma faili. Mvamizi akiupangia kufutwa, kuna siku 7 hadi 30 za kusubiri. Zikipita kabla hujagundua, faili zako zipo salama lakini hazisomeki milele. Ufunguo ukae kwenye akaunti ya nakala, na ombi lolote la kuufuta litume tahadhari papo hapo.

Ukimaliza, jaribu kufuta. Amri ya kufuta bila kutaja toleo itakubaliwa, usishtuke: S3 huweka alama ya kufutwa juu tu, data iko chini yake. Rudia ukitaja namba ya toleo, kwa mtumiaji mwenye ruhusa zote. Lazima upate AccessDenied, yaani ukataliwe. Kisha ondoa ile alama, rejesha faili kwenye mashine tupu, na upime imechukua saa ngapi.