Nazamia, Lakini kwa Tiketi ya Kurudi

Leo alfajiri, kabla hata sijapiga mswaki, nimegundua kwamba kuna mtu nitalala naye chumba kimoja huko Misri na simjui. Niliweka nafasi ya kulala Dahab. Nikaandika mtu mmoja, nikahakikisha mara mbili kama tunavyohakikisha namba za luku. Jibu limekuja: bei ni ya chumba, siyo ya kichwa, na vyumba vyote ni vya wawili. Sawa. Huyo wa pili ninayemlipia ni nani? Na kama kitanda chake nimekilipa mimi, mbona nauli ya teksi hachangii?

Mimi ni mtu mzima wa miaka 46, mwenye ajira, mwenye heshima zake, mkazi wa Mbagala kwa hiari yangu mwenyewe (karibu hiari). Mwaka huu nimeamua kusafiri peke yangu nikapige mbizi Bahari ya Shamu. Msinicheke. Wanaume wenzangu wana michepuko, mimi nina miwani ya maji.

Sababu ni moja tu: mita 18 chini ya maji simu haishiki. Hicho ndicho kina cha mwisho kwa mwenye cheti cha mwanzo cha kuzamia, na kwangu kinatosha kabisa. Hakuna kamati ya harusi inayoweza kukuongeza kwenye grupu ukiwa mita 18.

"Kwani bahari si hii hapa?" Kila mtu ananiuliza hivyo, na kila mtu anadhani ni wa kwanza kuuliza. Jamani, najua. Mafia ni pazuri, papa potwe wapo, najua. Lakini Mafia yuko shangazi. Huwezi kushuka Kilindoni na begi la mgongoni ukasema umekuja kutazama samaki. Utabeba kanga doti mbili, sukari, mchele, dawa ya mgongo, na ukifika kuna kikao cha shamba la marehemu babu. Piga hesabu zote hizo, utakuta Misri ni rahisi.

Dahab nimeichagua kwa jina na kwa bei. Jina ni Kiarabu, dhahabu ile ile tunayoijua. Bei ni kwa sababu huko unafunga mtungi wa hewa mgongoni ukiwa nchi kavu, unaingia baharini kwa miguu yako. Hakuna boti ya kulipia. Kuna lile shimo lao maarufu la buluu, na kwenye mwamba kando yake wamebandika vibao vya kumbukumbu ya wazamiaji waliofia humo. Mke wangu aliona picha ya vibao. Akaniuliza swali moja, akarudi kuchambua mchele: "Hiyo bajeti yako imejumlisha na kibao?"

Kwa ajili ya viza, benki wamenipa taarifa ya akaunti ya miezi sita. Nimeisoma mwenyewe nikajihurumia.

Sasa njooni zahanati.

Kabla hujafundishwa kuzamia unajaza fomu ya afya. Ukurasa wa kwanza maswali kumi, unajibu ndiyo au hapana. Swali la pili tu: una zaidi ya miaka 45? Ndiyo. Basi hapo umeshatenganishwa na vijana, unapelekwa kwenye kisanduku cha wazee wenzako, na humo ukijibu ndiyo hata mara moja, lazima daktari asaini.

Nikaenda. Nimevaa shati la mikono mirefu ili nionekane mtu wa safari za nje. Daktari ni kijana mdogo, ndevu zinaanza kujaribu. Akasimama: "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba kwa maumivu.

"Tatizo nini mzee wangu?"

"Sina tatizo. Nataka unisainie hapa, naenda kuzamia Misri."

Akaweka kalamu chini. Akautazama mlango, akanisogelea, sauti ikashuka: "Mzee, siku hizi na nyie mnapimwa afya? Zamani si mlikuwa mnajificha tu kwenye meli?"

Nikamweleza kwamba ni kuzamia majini. Kwa tiketi ya kurudi, na likizo imesainiwa na bosi. Akaniangalia kwa masikitiko zaidi ya mwanzo.

"Kwa hiyo unalipa hela ili uzame."

"Ndiyo."

"Na ukishazama?"

"Natoka."

"Halafu?"

"Nazama tena."

Akamwita nesi anipime presha. Nesi akafunga kitambaa, akabonyeza, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa: "148 kwa 94!" Kwenye benchi kuna mama akasema "pole baba." Hapo ndipo nilipokosea. Nikataka kuonyesha kwamba nimesoma, nikasema, "Hiyo ndogo. Huko chini mita 10 tu presha inakuwa mara mbili ya hapa. Mita 20, mara tatu."

Mimi nilisema presha ya maji. Nesi alisikia presha. Akachukua simu, akapiga hesabu, akamgeukia daktari: "Dokta, mara tatu ni 444. Huyu hatakuwa mgonjwa tena, huyu atakuwa pampu."

Ilichukua dakika kumi kuwatenganisha presha na presha. Tukaendelea na fomu. Unavuta sigara? Hapana. Unaweza kutembea kilomita 1.6 kwa dakika 14? Dokta, mimi nagombea daladala ya Mbagala kila siku ya Mungu, endelea.

"Kuna ndugu wa damu wa karibu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50?"

Mimi nimelelewa kusema kweli. "Baba mdogo. Alikuwa na miaka 41."

"Ghafla?"

"Alianguka kutoka kwenye mnazi, alikuwa anagema."

Akafikiri. Akaisoma tena fomu, midomo inatembea. "Hapa hawajaandika kwa sababu gani. Wameandika ghafla."

"Dokta, kutoka juu ya mnazi hakuna mtu anayekuja taratibu!"

"Ndiyo maana nasema ni ghafla, mzee."

Akatia alama ya ndiyo. Miaka ishirini baada ya kuzikwa, baba mdogo anaizuia safari yangu ya Misri. Na enzi za uhai wake hata nauli ya kwenda Mkuranga nilikuwa namlipia mimi.

Mwisho akanirudishia fomu bila sahihi. Nirudi baada ya wiki mbili tupime tena, na hela ya kumwona nilipe upya. Nipunguze chumvi, nilale mapema. Na nipunguze mawazo.

Nipunguze mawazo! Nikasimama, heshima yote ikabaki kitini. Dokta, mawazo ndiyo yananipeleka! Ningekuwa sina mawazo ningekwenda chini ya bahari kutafuta nini? Nyumbani kuna ada, kuna kodi, kuna michango mitatu, na zote zinajua namba yangu! Mama wa kwenye benchi akasema tena, "pole baba."

Na wala hata huko chini hawakuachi peke yako. Kanuni yao ni kuzamia wawili wawili, kila mtu na mwenzake. Hewa yako ikiisha unapumua ya kwake. Umekuja mwenyewe? Watakupangia. Kwa hiyo nalipia chumba cha wawili nilale mmoja, halafu baharini napewa mtu wa bure. Siku ya mwisho ndiyo kabisa: ukishazamia mara kadhaa unasubiri saa 18 kabla ya kupanda ndege, naitrojeni itoke mwilini. Usiku mzima nalipa, sizamii, sisafiri. Angalau siku hiyo chumba kitakuwa na wawili kweli, mimi na naitrojeni.

Nimetoka zahanati nikapita kwa muuza pweza wa kituoni. Nikamwambia asinitilie chumvi, daktari amekataza. Akasema pweza bila chumvi ni mpira. Nikamwambia tia basi, lakini kidogo. Ametia kama anapanda mbegu. Na vipande vya siku hizi, sijui wanakatia wembe? Kijiti kirefu, pweza wenyewe unamtafuta. Nikauliza kipande kile cha mwezi uliopita kimeenda wapi, akaniambia bahari imekuwa ngumu, mzee.

Na yeye mzee. Ndevu zenyewe hana.